Mke Mwenza wa Magurudumu Manne

Mimi nikiwa na wivu, mtaa mzima unajua. Sijawahi kuwa mtu wa kumeza kitu kikae. Mume wangu alikuwa akiniambia mdomo wangu utaniletea shida siku moja, na mimi nikimjibu kwamba afadhali shida ya mdomo kuliko ya moyo, kisha naendelea kusema. Kwa hivyo sitajifanya hapa kwamba mwaka ule wa 2007, na ule uliofuata, nilikuwa mke mtulivu. Nilikuwa na wivu mchana na usiku, nikiwa napika, nikiwa nashona, nikiwa kanisani. Na mwanzo wake haukuwa mwanamke. Ulikuwa chuma.

Tulikuwa tunaishi Nakuru, upande wa Lanet, kwa nyumba ya kupanga yenye uwanja mdogo nyuma. Yeye alikuwa fundi wa matrekta. Mashamba ya Njoro na Rongai yakikwama wakati wa kulima, yeye ndiye alikuwa anaitwa. Mimi nilikuwa nashona yunifomu za shule kwa chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara, ili wateja wanione na mimi niwaone. Hatukuwa tumepata mtoto. Tulikuwa tunapendana, au mimi nilikuwa nampenda na nikadhani ni jambo la watu wawili.

Jumamosi moja akaniambia nivae vizuri, tunaenda Naivasha. Nikavaa gauni la maua na viatu vya kisigino, nikijua ni samaki kando ya ziwa, na labda mashua kidogo. Tukafika mjini, tukachukua barabara ya ziwani, tukapita kila mahali pa samaki, tukapita Kamere, mpaka nikaanza kumwuliza kama ameamua kunirudisha kwetu kwa kuzunguka dunia. Tulisimama nyuma ya nyumba za plastiki za kukuzia maua. Aliyetupokea pale alikuwa dada yake, wifi yangu, ambaye alikuwa karani kwenye shamba lile. Ni dada yake wa pekee. Mama yao alikufa wakiwa wadogo, na mume wangu ndiye alimlea, akamlipia shule kwa mshahara wake wa kwanza wa kutengeneza trekta. Nilikuwa najua hayo yote kabla hatujaoana, na nilikuwa nimeyapenda. Niliona mtu anayemtunza dada yake hivyo atanitunza na mimi.

Wifi ndiye alikuwa amempigia simu kumwambia kuna kitu kinauzwa. Kijana mmoja wa pale, mtoto wa watu wenye uwezo, alikuwa anaenda kuishi ng'ambo na alikuwa anauza kwadi yake. Nilikuwa nimeshaona kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne za kubebea maziwa na mbolea shambani. Hii haikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa ya mashindano, imekaa chini chini, mabega mapana, haina mahali pa kufungia hata kikapu cha mayai, na kiti chake kilikuwa kimechanika katikati.

Mume wangu hakumsalimia kijana kwanza. Alienda moja kwa moja akaweka kiganja kwenye injini, kisha akageuka.

"Mbona ina moto?"

Kijana akasema aliiwasha kidogo tu aitoe stoo. Mume wangu akatikisa kichwa, akakaa kwenye jiwe. "Basi tungoje ipoe, boss. Mashine haifai kukutana na mnunuzi ikiwa imeshapashwa moto. Nataka kuona inavyoamka asubuhi."

Tukangoja. Mimi nilingoja juu ya nyasi na viatu vyangu vya kisigino, visigino vikizama. Yeye alikuwa anaizunguka. Alilala chini akaangalia fremu kama kuna ufa uliofichwa na rangi mpya. Alishika gurudumu moja moja akalitikisa juu chini asikie kama beringi zinacheza. Alichomoa plagi, akaiangalia kwenye mwanga, akainusa. Wifi alikuwa amechuchumaa kando yake, anamshikia vitu, wanaongea lugha yao ya utotoni ya nusu maneno. Hakuna aliyeniuliza kama nina kiu.

Ilipopoa akapanda, akaipiga teke, ikakataa. Akaipiga tena, ikanguruma, na moshi wa bluu ukatanda mpaka nikakohoa. Nilingoja aseme ni mbovu. Badala yake nikaona uso wake. Alikuwa anatabasamu tabasamu ambalo nilikuwa nimeliona mara moja tu, siku ya harusi, na nilikuwa nimedhani ni langu.

"Na mimi nitakaa wapi?" nikamwuliza.

"Hii ni ya mtu mmoja," akasema, hata bila kunitazama.

Basi ikanunuliwa. Kulikuwa na pesa tuliyokuwa tumeweka ya kuninunulia mashine ya overlock, ya kumalizia pindo, na hadithi ya pesa hiyo inaishia hapo.

Mtu ambaye hajaishi na mashine ya mbio hawezi kuelewa. Haitunzwi wakati imeharibika. Inatunzwa kila wakati. Kila ikitoka inafunguliwa, inaoshwa, inapakwa, inafungwa. Nilikuwa na beseni jekundu la kulowekea nguo, akalichukua likawa la kuoshea sponji ya hewa. Ile sponji ndiyo inayozuia vumbi lisiingie kwa injini, na vumbi la Gilgil mnalijua, ni unga mweupe unaoingia hata kwenye saa ya mkono. Aliiosha kwa petroli, kisha kwa sabuni, akaikamua polepole bila kuisokota isije ikapasuka, akaianika kivulini, akaipaka oili kwa vidole mpaka ikalainika yote. Nilikuwa nasimama mlangoni namwangalia. Mashati ya huyo mwanamume nilikuwa nafua mimi, na nikimwomba aanike tu alikuwa ananiambia mgongo unamuuma.

Haki nilijaribu kuipenda. Aliniomba nimshonee kiti kipya, nikashona. Nilitafuta leza, ile ngozi ngumu ya viti vya magari, nikapima, nikakata, nikapiga mshono wa mara mbili kila pembe, mashine yangu ikilia kwa uzito. Nilipokivalisha kiti hakikuwa na kunyanzi hata moja. Akapitisha kiganja juu yake kutoka mbele hadi nyuma, akasema, "Sasa uko sawa." Nikageuka nimjibu, nikaona haniambii mimi.

Halafu kulikuwa na mambo ya oili. Injini ya mashine ile haikuwa kama ya gari, ambayo oili yake inakaa chini peke yake. Ilikuwa kama pawasoo ya kukatia miti, oili inachanganywa na petroli kwa kipimo, vinanywewa pamoja. Petroli ikiingia kavu, bila oili, chuma kinasagana na chuma mpaka injini inakwama. Alinifafanulia hayo mara nyingi, kidole juu, kama mwalimu. Na ili apime vizuri, siku moja akarudi kutoka mjini na mfuko wa dukani, na ndani nikaona chupa ya mtoto, mpya, yenye alama za mililita ubavuni. Moyo wangu uliruka. Nilisimama nayo mkononi nikifikiri ananiambia kitu kwa njia yake ya kimya, kwamba twende hospitali, kwamba tusikate tamaa. Akaingia jikoni akainyakua, akasema, "Ndiyo hiyo nilikuwa natafuta, ya kupimia oili." Nikaenda nikakaa chooni mpaka nikatulia.

Ndipo nikaanza kuiita mke mwenza. Wateja wangu walicheka sana. Wakiniuliza bwana yuko wapi, nasema yuko kwa nyumba ndogo, hapo nyuma, anaipaka mafuta.

Jumapili walikuwa wanakutana wenye mashine kama hizo, kwenye shamba moja nyuma ya Gilgil ambako mwenyewe alikuwa amechonga njia yenye matuta na kona. Walikuwa vijana wa Kihindi wenye maduka Nakuru, watoto wa wakulima wa Molo na Subukia, na mafundi wachache kama mume wangu ambao walinunua chakavu wakazifufua. Baadaye wote tunaenda Kikopey kula nyama. Wake na wachumba tunakaa upande mmoja wa meza, wao upande mwingine na nyuso nyeupe za vumbi, wanaongea kwa mikono. Mimi ndiye nilikuwa nachekesha meza. Na utani wangu mkubwa ulikuwa mmoja. "Hiyo kitu," nilikuwa nasema, nikielekeza mfupa kwenye pickup iliyoibeba, "siku moja nitaitia sukari kwa tangi tumalizane." Watu walicheka mpaka mchuzi ukamwagika. Hata yeye alicheka. Nilisema hivyo Kikopey, nikasema nyumbani, nikasema kwa jirani, na kila nikisema ilikuwa inanipunguzia kitu kifuani.

Mwaka ukaisha, tukapiga kura, na machafuko yaliyofuata kila mtu wa huku ana yake. Sitasimulia ya wengine. Yangu ni kwamba shule hazikufunguliwa kwa wakati, hakukuwa na yunifomu za kushona, barabara zilifungwa, na mashine ilikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai, na juu ya turubai tulirundika mabaki ya vitambaa ili mpita njia asijue ni nini. Mchana mmoja simu ikalia nikiwa kwenye cherehani. Ilikuwa mama. Wao walikuwa na shamba kidogo upande wa Sachangwan, na walikuwa wameondoka, yeye na kaka zangu, na vitu vya kubeba kwa mkono. Walikuwa wanaenda kwa mjomba, mbali sana, mahali ambapo mimi nilikuwa nimefika mara moja nikiwa mtoto. Nyumba haikuwepo tena. Alisema hivyo tu, haikuwepo, kama nyumba ilikuwa imetoka ikaenda sokoni.

Nikamwambia mume wangu. Akanishika bega, akasema, "Pole sana. Bora wako hai." Akakaa na mimi kidogo, kisha akachukua jerikani akaenda kupanga foleni ya petroli, kwa sababu ilikuwa haipatikani na mtu alisema kuna kituo kimefungua. Mimi nikamaliza pindo nililokuwa nashona. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Jioni akanisifu, akasema nina kifua, wanawake wengine wangekuwa chini wanagaragara.

Baadaye kidogo Naivasha nayo ikachafuka, na mambo yalipotulia wifi akaja kwetu na mfuko mmoja. Hakusema ameona nini, na sikumwuliza. Alikuwa akikaa kwenye kiti changu cha dirishani tangu asubuhi, mikono katikati ya magoti, chakula kinapoa mbele yake. Nilimhurumia, mtu asiniambie sikumhurumia. Nilimsuka nywele. Nilimpikia uji wa wimbi aupendao, nikampa blanketi letu zito. Kama angekuwa na mimi tu, tungekuwa sawa.

Lakini kaka yake. Alikuwa akitoka asubuhi kumtafutia mandazi ya moto kabla sijaamka. Alikuwa akikaa chini sakafuni kando ya kiti, anamsimulia mambo ya zamani, jinsi walivyokuwa wanaiba plamu, mpaka anaona kona ya mdomo wake inacheza. Alikuwa anajua wakati gani anataka kuongea na wakati gani anataka kimya. Mimi nilikuwa nimeishi na huyo mtu nikidhani hajui vitu kama hivyo, kwamba ndivyo alivyoumbwa, mikono yake inaelewa vyuma tu. Kumbe anajua. Alikuwa anajua vizuri sana, na mama yangu alikuwa amelala kwa mjomba juu ya magunia, na mimi sikuwa nimepata hata andazi.

Siku moja alasiri, barabara zikiwa zimefunguka, nikamsikia anatoa turubai.

"Njoo nikufunze," akamwambia dada yake.

Nilikuwa dirishani na yunifomu mkononi. Kuna kamba nyekundu kwenye mashine ile, upande mmoja imeshikana na swichi ya usukani, upande mwingine inafungwa kwenye kifundo cha mkono wa anayeendesha. Ukianguka, kamba inachomoka, injini inazima yenyewe, mashine isikukanyage. Akamketisha kwenye kiti nilichoshona. Akamfunga ile kamba mkononi, akaivuta kidogo kuona kama inabana, akailegeza, akamwuliza kama inaumiza. Kisha akaiwasha, akawa anakimbia kando yake kwenye uwanja wa shule uliokuwa mtupu ng'ambo ya barabara, mkono mmoja mgongoni pake, akipiga kelele za gia. Na kwenye kona ya tatu au ya nne nikamsikia wifi akicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje.

Nilitaka kufurahi. Mtu yeyote mwenye utu angefurahi. Nilivunja sindano ya cherehani, nikaweka nyingine, nikaivunja na hiyo.

Kwenye chakula nikamwuliza, "Na mimi utanifunza lini?"

"Wewe?" Akacheka, kwa uzuri tu. "Si wewe ni adui wa mashine? Na kwanza wewe uko sawa. Huyu ndiye anahitaji kutoka nje kidogo."

"Nani alikuambia niko sawa?"

Alidhani ni utani. Mimi nilikuwa nimewazoesha utani.

Wifi akapona polepole kwa njia hiyo. Alianza kula. Alianza kuenda peke yake kwenye njia za vumbi nyuma ya mashamba, anarudi na uso mweupe na macho ya mtu aliye hai. Akirudi anaifuta, anaifunika, anakuja kunisaidia kukata vitambaa, na hapo alikuwa mtu mzuri wa kuongea naye. Nilimpenda na nilimwonea wivu kwa wakati mmoja, na hayo mawili hayakugombana hata kidogo.

Mvua ndefu zikikaribia, wenye mashine wakapigiana simu. Wakutane tena Gilgil, mara ya kwanza tangu mambo yaharibike. Mume wangu alikuwa kama mtoto anayengoja Krismasi. Aliosha, akapaka, akaangalia cheni, akapima upepo wa magurudumu. Wifi alikuwa na mafua akabaki nyumbani. Tulipofika pale akafungua tangi akachungulia, likawa limejaa, akafunga. Akavaa kofia. Nikajikaza nikaenda kusimama kando ya njia pamoja na wengine, na nasema ukweli, siku hiyo nilimshangilia.

Alipita mbele yetu mara ya kwanza akiwa wa pili. Mara ya pili akiwa wa kwanza, akiwa amesimama juu ya vikanyagio, na nikajikuta narukaruka na viatu vyangu. Halafu tukasikia sauti inapanda, nyembamba, kavu, kama ya mashine inayolia, na magurudumu ya nyuma yakakwama ghafla. Mashine ikaenda pembeni, yeye akarushwa upande wa pili. Aliinuka haraka. Mkono ulikuwa umechubuka, hakuumia zaidi ya hapo.

Tulikimbia sote. Alikuwa ameshapiga magoti. Akajaribu kuipiga teke, pedali haikushuka, injini ilikuwa imeshikana. Akafungua tangi, akaingiza kidole, akakisugua kwa dole gumba, akanusa. Akarudia. Ni petroli kavu, akasema, haina oili hata tone. Kisha akainua uso, akazungusha macho kwenye lile duara la watu, yakafika kwangu yakasimama.

"Wewe uliweka nini kwa tangi?"

"Sijaweka kitu."

"Nakuuliza tena."

"Sijagusa tangi lako maisha yangu yote," nikasema.

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akasema, "Mathe wa sukari." Na nikaona ule utani ukipita kwenye kila uso, mmoja mmoja, wakikumbuka Kikopey, mfupa, mchuzi. Hakuna aliyekuwa na shaka. Nilimtazama mume wangu nikingoja aseme hapana, mke wangu anaongea tu. Hakusema. Alianza kukunjua kamba za kuifungia kwenye pickup.

Njia nzima kurudi hatukuongea. Kesho yake wala kesho kutwa hatukuongea. Mji ni mdogo, na wenye mashine wote wana maduka, kwa hivyo nikienda kununua uzi naulizwa kama nataka na sukari. Niliapa, nikalia, nikamwambia kwa sauti ambayo jirani aliisikia kwamba kama ningetaka kuiua ningeiua mbele yake na shoka. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakubishana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Baada ya majuma machache, tukiwa tunakunywa chai, akanitazama akasema kwa upole, "Yaishe. Nimekusamehe."

"Unanisamehe nini?"

"Yaishe tu, mama."

Na mimi, Mungu anajua, kwa sababu nilikuwa nimechoka na alikuwa ameniita mama kwa sauti ile ya zamani, niliacha yaishe. Nilibeba lile jambo likawa langu. Hata nilianza kujiuliza kama labda wivu unaweza kukausha oili wenyewe.

Kazi za maua zikarudi, na wifi akaitwa arudi Naivasha. Siku ya kuondoka tulikuwa jikoni tunachambua maharagwe, mchana, jua likiingia mlangoni. Akasema bila kuinua macho, "Wifi, nashukuru hukunichukia kwa ile injini."

"Injini gani?"

Akaniangalia. "Si ile ya siku ya Gilgil. Petroli niliweka mimi."

Alikuwa ameitoa siku moja kabla ya mashindano. Na kwetu huku, ukiazima chombo cha mtu unakirudisha kimejaa. Hata jirani akikupa pikipiki upeleke mbuzi, unapita kituoni kwanza, na usipopita unasemwa. Mwaka ule, petroli ikitafutwa kwa foleni, kurudisha tangi limejaa ilikuwa heshima kubwa zaidi. Akapanga foleni, akajaza, akarudi akafunika turubai. Siku nyingine zote alikuwa akikuta petroli ya tangi imeshachanganywa, na mambo ya oili hakuna aliyemfafanulia. Mimi nilifafanuliwa mpaka nikachoka, na sikuwahi kuruhusiwa kuigusa.

"Nilimwambia jioni ile ile mliporudi," akasema. "Nilimkuta anatoa injini nikamwuliza nini imefanyika, nikajua ni mimi. Nililia sana. Akaniambia ninyamaze, atakuambia mwenyewe." Akaacha maharagwe. "Hakukuambia?"

Uso wake ulianza kuvunjika, nikamwambia asilie, achambue, maji yanachemka. Sikuwa na hasira naye hata kidogo. Niliosha mikono, nikatoka nyuma.

Mume wangu alikuwa uwanjani na pistoni mpya iliyofika kutoka Nairobi. Silinda ilikuwa imeshachongwa, inang'aa. Alikuwa anapaka ringi oili kwa kidole, taratibu, anaizungusha kwenye jua.

"Ulijua," nikasema.

Hakuuliza alijua nini. Kidole kilisimama.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu siku ile."

"Na ukanisamehe."

Akaweka pistoni juu ya kitambaa kisafi. "Ulimwona vile alikuwa," akasema. "Alikuwa ndiyo ameanza kula. Watu wangemcheka, angesema hata hii ameharibu, angerudi kwa kile kiti. Wewe una kifua. Nilijua utabeba."

Alisema hivyo kama mtu anayenisifu, na nadhani kweli alikuwa ananisifu.

"Nilibeba kwa nguvu gani?" nikamwuliza. "Nililala kando yako nikilia, ukijua."

"Yule hana mtu mwingine. Ana mimi tu."

"Na mimi nina nani?"

Lilikuwa swali rahisi. Mama yangu alikuwa kwa mjomba, kaka zangu walikuwa wametawanyika, kwetu hakukuwa na mlango wa kubisha. Jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa limesimama mbele yangu na oili mikononi. Akaangalia mlango wa jikoni alikokuwa dada yake, akaangalia mashine, akaangalia ukuta. Alikuwa anafikiri.

"Una mimi," akasema mwishowe.

Lakini nilikuwa nimeshamwona akitafuta.